Kabla Hujafunga Pampu ya Hidroliki kwenye Injini ya Gari

Mteja anayetaka tipa ndogo, winchi ya gari la kuvuta magari mabovu, au mashine ya kukandamiza vyuma inayochota nguvu kwenye injini ya gari, huanza kwa kumuuliza fundi: pampu hii ina presha ya ngapi? Swali lina sura ya busara, ila limeanzia mwisho. Pampu haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma mafuta, kiasi kilekile kila shafti inapozunguka mara moja. Presha huzaliwa mbele yake, pale mafuta yanapokutana na mzigo unaokataa kusogea. Jeki isiyo na kitu juu yake hupanda kwa bar chache tu. Ipakie mchanga mbichi, na pampu ileile, kwa mwendo uleule, itafika bar 120. Yazibie mafuta njia zote na presha itapanda mpaka kitu kiachie: mpira, sili, bodi ya pampu, au mkanda uteleze ukiwa na bahati.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi hii huanza na mzigo, ukafuata jeki, kisha kiasi cha mafuta kwa dakika, kisha pampu. Injini huja mwisho. Wengi wetu huenda kinyume: tunaiokota pampu kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, tunaifunga panapopatikana nafasi, halafu tunasubiri kuona itainua nini.

Hesabu ya tipa ndogo

Tuchukue Canter inayogeuzwa kuwa tipa. Mchanga ni tani 2, bodi ni nusu tani, jumla kilo 2,500. Bodi ina bawaba nyuma. Uzito wake umekaa mita 1.5 kutoka kwenye bawaba, na jeki moja inasukuma mita 1.2 kutoka hapohapo ikiwa imelala nyuzi 45. Kama jeki ingesimama wima, ingetakiwa kusukuma kilo 3,125, yaani 2,500 mara 1.5 gawanya kwa 1.2. Kwa kuwa imelala, gawanya tena kwa 0.7, na jibu linakaribia kilo 4,500. Hapo ndipo ilipo siri ya injini kulemewa bodi inapoachana na chesi, kisha mlio wake kulainika: kadiri bodi inavyopanda, jeki inasimama na uzito unasogea karibu na bawaba. Sekunde za kwanza ndizo zinazoamua ukubwa wa kila kitu.

Mchanga hautakaa katikati siku zote, na dereva atazidisha. Basi weka kilo 6,000. Bar 1 ni kama uzito wa kilo 1 kwenye sentimita moja ya mraba, kwa hiyo hesabu ya jeki inaweza kufanyika kwa kalamu na kipande cha boksi. Ukitaka kufanya kazi chini ya bar 150, kilo 6,000 zinahitaji sentimita za mraba 40, sawa na kipenyo cha sentimita 7.1. Chukua jeki ya sentimita 8. Eneo lake ni sentimita za mraba 50, na presha ya juu kabisa inakuwa bar 120.

Jeki hiyo ikitoka sentimita 70, inameza lita 3.5 za mafuta. Ukiridhika kwamba bodi ipande kwa sekunde 15, unahitaji lita 14 kwa dakika. Pampu ya cc 16 kwa mzunguko, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, ingetoa lita 16 kama isingevuja ndani kwa ndani. Ukitoa asilimia 8 ya uvujaji inabaki lita 14.7. Inatosha.

Sasa ndipo injini inapoulizwa. Zidisha lita kwa dakika na bar, gawanya kwa 600, utapata kilowati: 14.7 mara 120 ni karibu kilowati 3 zinazoingia kwenye mafuta. Pampu yenyewe hula kidogo kwa msuguano, hivyo injini inatoa kama kilowati 3.5, chini kidogo ya nguvu za farasi 5. Nguvu ya kuzungusha shafti inapatikana kwa kuzidisha cc na bar kisha kugawanya kwa 62.8, ukiongeza asilimia 10 ya msuguano, ni nyutonimita 34. Injini ya dizeli ya Canter haitatishika na mzigo huo. Injini ndogo ya petroli iliyo chini kabisa ya mwendo wake itatetemeka, na huenda ikazimika.

Injini isiyotulia

Mota ya umeme huzunguka kwa mwendo mmoja kutwa nzima. Injini ya gari dogo la petroli huzunguka kama mara 750 kwa dakika ikiwa haikanyagiwi mafuta, na inaweza kufika 6,000. Pampu iliyofungwa humo moja kwa moja inatoa mafuta mara nane zaidi huku juu kuliko kule chini. Kwa mbuni wa pampu za magari, hiki ndicho kichwa cha mambo. Mengine yote yanafuata.

Watengenezaji wa usukani wa hidroliki walilikuta tatizo hili likiwa limegeuka juu chini. Dereva anahitaji msaada zaidi anapoegesha, wakati injini iko taratibu, na anauhitaji kidogo sana akiwa barabara kuu. Chrysler walipouza usukani wa namna hiyo kwenye gari la Imperial mwaka 1951, wa kwanza kuuzwa kwenye magari ya kawaida ya abiria, pampu ilibidi iwe kubwa kwa ajili ya mwendo mdogo, na mafuta yanayozidi yarudishwe. Hadi leo pampu ya usukani ina vali ndani yake inayopeleka lita chache tu kwa dakika kwenye usukani na kuyazungusha mengine yote yarudi upande wa kuvuta. Gharama yake ni petroli inayochomwa bure safarini, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari mengi mapya kuhamia usukani wa umeme.

Wafaransa walilijibu tatizo hilo kwa njia nyingine. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na pampu ndogo ya pistoni 7 iliyozungushwa na mkanda wa injini, ikahudumia springi, breki, usukani na hata kubadilisha gia. Pampu ndogo hivyo iliwezaje? Ilijaza chombo cha duara chenye gesi ya nitrojeni iliyobanwa, na mafuta yakitakiwa kwa ghafla yalitoka humo, si kwenye pampu. Chombo kikijaa, pampu inapumzika. Mtu anayefikiria mashine inayofanya kazi kwa mapigo mafupi, kisha kimya kirefu, aifikirie njia hii kabla ya kununua pampu kubwa.

Kwa tipa yetu jibu ni jepesi zaidi: pampu ikatwe kabisa isipotumika. Nitalirudia hilo mbele.

Hapa niseme neno kuhusu pampu za usukani zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Zinapatikana kwa bei nafuu, na vijana wa gereji huzifunga kwenye mashine za kukandamiza na za kupasua kuni. Kwa kazi nyepesi na ya mara moja moja sina ugomvi nazo. Ila nyingi hukomea kati ya bar 80 na 130, ile vali ya ndani hubana mafuta hata ukipiga resi, na hazikuundwa kukaa kwenye presha ya juu kwa dakika nzima mfululizo. Kwa tipa ya tani 2 ni kukionea chombo.

Ndani ya pampu ya gia

Kwa gari, pampu inayofaa zaidi ni ya gia mbili za nje. Ya pistoni hufika bar 350 na zaidi, lakini ni ghali na huumizwa haraka na uchafu. Ya vibao ni tulivu, ila hulalamika mafuta yakiwa mazito au machafu. Ya gia huvumilia bar 200 mpaka 250, na bado inaingia kwenye kona ya chesi.

Udogo wake unaonekana kwenye hesabu. Ujazo kwa mzunguko ni karibu 6.28 mara moduli ya jino iliyozidishwa kwa yenyewe, mara idadi ya meno, mara upana wa gia. Moduli ya milimita 3, meno 12, upana milimita 24: unapata cc 16.3. Hiyo ndiyo pampu tuliyokuwa tukiitafuta, na gia zake zina kipenyo cha nje cha milimita 42 tu. Zote mbili zinakaa kwenye kiganja. Angalia pia kwamba moduli inazidishwa mara mbili: ukiongeza ukubwa wa jino kidogo, ujazo unaruka. Ndiyo maana pampu za gia zina meno machache na manene, tofauti na gia za giaboksi.

Lakini udogo una malipo yake. Presha ya bar 120 ikiwa upande mmoja wa gia na mvuto upande wa pili, kila gia inasukumwa kando kwa nguvu inayokaribia tani moja. Nguvu hiyo yote inabebwa na bushi zenye upana wa vidole viwili. Gia husogea kuelekea upande wa kuvuta, na meno yake hukwangua njia nyembamba kwenye bodi ya aluminiamu pampu inapofanya kazi kwa mara ya kwanza. Njia hiyo ni ya kawaida. Ukiikuta imekuwa mfereji unaoshika kucha, pampu imekwisha.

Pembeni mwa gia pana vibao vinavyobanwa na presha ya mafuta yenyewe ili nafasi ibaki sehemu moja au mbili za mia ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kadhaa. Mafundi wetu wa kukereza chuma wana mikono mizuri, na nimeona kazi zao. Hata hivyo, kutengeneza gia na bodi ya pampu ya bar 150 kwa mashine ya kukereza ya kawaida ni kupoteza chuma kizuri. Nunua pampu. Ubunifu wako uwekeze kwenye mambo yanayoizunguka, kwa kuwa huko ndiko pampu nyingi nzima huenda kufia.

Kuifikishia mzunguko

Njia iliyozoeleka kwenye malori ni PTO, kile kipande kinachofungwa ubavuni mwa giaboksi na kuchota mzunguko humo. Dereva anakanyaga klachi, anaingiza livaa, anaachia klachi, pampu inazunguka. Uzuri wake ni kwamba pampu huzimwa gari likiwa safarini, mradi dereva akumbuke. Anayesahau huondoka na pampu ikipiga mizunguko 2,500, mafuta yanachemka, na pengine bodi inapanda yenyewe kuelekea nyaya za umeme. Weka taa nyekundu mbele ya dereva inayowaka PTO ikiwa imeingia, na nyingine bodi ikiwa haijalala. Ni swichi mbili na waya.

Kwa gari lisilo na nafasi ya PTO, mkanda kutoka kwenye puli ya mbele ya injini hufaa, pamoja na klachi ya sumaku ya aina inayotumika kwenye kompresa ya AC. Tatizo la mkanda halionekani kwa macho. Nyutonimita 34 kwenye puli ya kipenyo cha sentimita 12 zinavuta kwa karibu kilo 58. Ukiongeza mvuto wa upande uliolegea, shafti ya pampu inavutwa kando kwa kilo 90 hadi 110. Pampu nyingi za gia hazikubali mzigo wa kando, kwa sababu bushi zake tayari zimebeba ile tani moja. Weka puli kwenye shafti yake yenye beringi mbili, kisha iunganishe na pampu kwa kaplingi ya mpira. Na mkanda mmoja mwembamba wa feni hautaweza kilowati 3.5 kwenye mwendo mdogo. Panga mikanda miwili au mitatu.

Njia ya tatu, kuifunga pampu moja kwa moja mbele ya krankshafti kwa shafti fupi, ni nzuri kwa mashine kubwa. Kwenye gari dogo rejeta huwa njiani.

Kabla ya yote, tazama shafti inazunguka upande gani. Pampu ya gia hutengenezwa kwa upande mmoja, na kwa kawaida mshale uko kwenye bodi. Sili ya shafti imeunganishwa ndani na upande wa kuvuta, ambako hakuna presha. Ukiizungusha kinyume, upande huo unakuwa wa presha na sili inarushwa nje papo hapo.

Upande wa kuvuta

Ningekuwa na sauti moja tu ya kusikika kwenye kazi hii, ningeitumia hapa. Watu hununua mpira mzuri wa presha, wenye waya mbili, kisha upande wa kuvuta wanafunga bomba lolote lililobaki. Pampu haivuti mafuta kwa nguvu ya maajabu. Inafungua nafasi, na hewa ya dunia inayoyakandamiza mafuta ndani ya tangi ndiyo inayoyasukuma yaingie. Nguvu hiyo ni ndogo: karibu bar 1.01 usawa wa bahari, Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi na Mbeya, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,700, inabaki kama bar 0.82.

Sasa, pampu nyingi za gia hutaka presha ya kuingilia isishuke chini ya bar 0.7 au 0.8. Mwenye gari pwani ana akiba ya kupoteza kwenye bomba, kona na chujio. Mwenye gari Mbeya hana karibu chochote. Pampu iliyofanya kazi vizuri Tanga inaweza kuanza kukwaruza na kutoboka ndani ikipandishwa nyanda za juu, na fundi akailaumu oili. Kinachotokea ni kwamba presha ikishuka mno, hewa iliyoyeyuka ndani ya mafuta na mvuke hujitokeza kama viputo. Viputo vikifika upande wa presha vinapasuka na kung'oa chembe za chuma.

Dawa ni ya bei ndogo. Tangi liwe juu ya pampu. Kila nusu mita ya kimo inaongeza bar 0.04, na huko juu hata hiyo ni neema. Bomba la kuvuta liwe fupi, bila kona kali, na mafuta yapite humo kwa mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde. Kwa lita 14.7 mpira wa inchi moja unatoa nusu mita kwa sekunde, na hata dereva akipiga resi mpaka mizunguko 2,000 bado unabaki chini ya mita 1. Upande wa presha nusu inchi inatosha kabisa. Mpira wa kuvuta uwe na waya ndani ili usibonyee. Usiweke chujio laini upande huo: wavu wa mikroni 125 au zaidi unatosha, na chujio laini la mikroni 10 hadi 25 liwekwe kwenye bomba la kurudi tangini. Bomba hilo lirudishe mafuta chini ya usawa wa mafuta, mbali na mdomo wa kuvuta, la sivyo utakunywa povu lako mwenyewe.

Joto na vali ya usalama

Vali ya usalama si hiari. Kwa kazi ya bar 120 iweke bar 135 au 140, karibu na pampu, na kati yake na pampu pasiwe na vali nyingine yoyote inayoweza kufungwa. Kisha fahamu kwamba vali hiyo ikifunguka, nguvu yote inakuwa joto. Bar 140 na lita 14.7 ni kilowati 3.4. Kwenye tangi la lita 10, joto linapanda karibu nyuzi 12 kwa kila dakika. Dereva anayeendelea kushikilia livaa jeki ikiwa imefika mwisho, akisubiri mchanga uliogandamana udondoke, anaweza kuyatoa mafuta kwenye nyuzi 45 na kuyafikisha zaidi ya 80 ndani ya dakika tatu. Juu ya hapo mafuta huwa mepesi mno, sili hukakamaa, na ule uvujaji wa ndani tuliouhesabu kuwa asilimia 8 unakua.

Tangi la lita 10 linaitosha tipa hii inayofanya kazi mara chache kwa saa. Mashine inayofanya kazi mfululizo itataka angalau mara mbili ya mafuta yanayopita kwa dakika, au kipoozeo.

Mafuta yawe ya hidroliki, namba 46 kwa sehemu za baridi na 68 kwa joto la pwani. Pampu ya usukani hutumia mafuta iliyoandikiwa, mara nyingi yale ya giaboksi ya otomatiki. Mafuta ya breki ni sumu kwa sili za kawaida za hidroliki. Oili ya injini iliyotumika imejaa masizi na chembe za chuma. Mtu akikwambia yote ni mafuta tu, mtafute mwingine.

Siku ya kuwasha

Jaza pampu mafuta kupitia tundu lake la kuingilia kabla ya kufunga mpira, kwa sababu sekunde chache za kuzunguka ikiwa kavu zinatosha kuikwaruza. Legeza vali ya usalama, washa injini taratibu, acha mafuta yazunguke bila mzigo kwa dakika tano. Yakiwa meupe kama maziwa au yakitoa povu, kuna hewa inayoingia upande wa kuvuta. Kaza bana kabla ya jambo lingine. Kisha pandisha presha kidogo kidogo ukitazama geji.

Usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano, kwa presha ya mfumo huu, hupenya ngozi na kuingia mpaka kwenye misuli. Jeraha huonekana kama mchomo mdogo usiouma sana, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu huenda nyumbani kulala, na baada ya siku moja kidole au mkono hauokoleki. Tumia kipande cha boksi kutafutia. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia mwilini, maana kwa kawaida huhitaji upasuaji wa haraka. Na asiingie mtu chini ya bodi iliyoinuka bila chuma cha kuizuia, hata kama vali imefungwa na injini imezimwa. Mpira mmoja ukipasuka, bodi inashuka kwa kasi ambayo hakuna anayeikimbia.

Wewe mwenye gari, kabla hujamlipa fundi, mtake akuandikie mambo matatu kwenye karatasi: cc za pampu, bar alizoweka kwenye vali ya usalama, na kipenyo cha bomba la kuvuta. Akisita kwenye lolote kati ya hayo, kazi bado haijakwisha.